Muradi wa Gazdani

Watu wa kijiji cha Kwedizinga walimwita Bwana Shirazi, naye akaitika kwa jina hilo miaka mingi. Jina lake hasa lilikuwa Muradi. Alikuwa mmoja wa askari wa kukodiwa wa Sultani katika ngome ya Pangani, na Wajerumani walipowashinda watu wa pwani na kutweka bendera yao, wenzake walivuka kurudi Unguja. Yeye aliingia bara na msafara wa wachuuzi wa chumvi. Homa ikamwangusha njiani, wachuuzi wakamlaza barazani kwa watu wasiowajua, wakaenda zao.

Nyumba ile ilikuwa ya Kibwana, mkulima wa Kizigua, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Dada yake Hamisa ndiye aliyempikia mgonjwa uji wa mtama na kumfunika baridi ya homa ilipompanda. Siku Muradi alipopata nguvu ya kukaa kitako, Kibwana alimwuliza kwa adabu, "Bwana, kwenu ni wapi? Ukitufia hapa, habari tumpelekee nani?"

"Kwetu ni Shirazi," Muradi akajibu.

Hakuwa amepanga kudanganya. Lakini alikuwa amekaa pwani vya kutosha kujua uzito wa neno lile. Alikwisha kuona watu wazima wakisogezewa mkeka kwa sababu tu babu wa babu yao alisemekana kutoka huko. Na kweli alipata kufika Shirazi, mara moja, alipokuwa kijana anayetafuta njia ya kwenda baharini. Alilala kwenye zizi la nyumbu, na watoto wa mjini wakamfuata nyuma wakiigiza lafudhi yake ya shamba. Hayo hakuyasema. Alisema baba yake alikuwa na bustani ya mawaridi na nyumba yenye watumishi. Kibwana alisikiliza, akamwangalia mgonjwa yule aliyekondeana kama ukuti, akaingia ndani kumwambia dada yake atafute sahani nzuri zaidi.

Ukweli ni kwamba Muradi alizaliwa Gazdani. Hata huko Uajemi, mtu akitaja Gazdani huulizwa ni wapi. Ni kijiji kilichojibana nyuma ya kilima chekundu, mwendo mrefu kusini mwa Shirazi, mahali ambapo barabara ya misafara haipiti. Nyumba zake ni za udongo, na watu wake wote, wanaume kwa wanawake, walitosha katika msikiti mmoja mdogo na nafasi ikabaki. Hawakuwa na mto wala mvua ya kutegemea. Waliishi kwa maji yaliyotoka mbali chini ya ardhi, katika mtaro uliochimbwa na mababu zao gizani, na kazi ya wanaume wa Gazdani ilikuwa kushuka kwenye visima vya mtaro huo na kuuzibua. Walishuka wamevaa nguo nyeupe kama sanda, kusudi ardhi ikiwafunika wawe wamekwisha kuvishwa. Wenye mashamba makubwa wa bondeni waliwaita fuko. Muradi alishuka mara ya kwanza akiwa bado hajaota ndevu, baba yake akishika kamba juu. Alijua kusoma udongo kwa kidole na kwa ulimi. Aliichukia kazi ile kwa moyo wake wote, na asubuhi moja akaondoka bila kumuaga mama yake.

Alipopona, hakuondoka Kwedizinga. Alimwoa Hamisa, akafungua duka dogo la kaniki, chumvi na sindano, akawafundisha watoto juzuu. Shambani hakwenda. Watu hawakumlaumu, kwani mtu wa Shirazi hashiki jembe, na hata Hamisa alipotoka na jembe begani alfajiri, alijisikia fahari kidogo kumwacha mumewe barazani na kanzu safi. Alimpenda. Usiku wa mvua alikuwa akimwomba amhadithie tena habari za bustani ya mawaridi, na Muradi akimhadithia, kila mara akiongeza mti mmoja au chemchemi moja, mpaka yeye mwenyewe akawa anaiona bustani ile.

Kisha ukaja ukame ule ambao Wazigua waliuongelea muda mrefu baadaye. Mtama ulikauka ukiwa wa kimo cha goti, na nzige wakamaliza uliobaki. Kijito cha kijijini kikawa mchanga mtupu. Wanawake walitoka kungali giza kwenda kuteka maji kwenye madimbwi ya mto Msangazi, wakarudi jua limewaka, mitungi kichwani, ngozi za midomo zimepasuka. Hamisa alikuwa mjamzito, mimba yao ya kwanza baada ya kungoja sana.

Muradi alikaa barazani akiwaona wanavyopita. Alikwisha kuona mambo mengine pia. Bonde lililo chini ya makaburi lilikuwa na mstari wa miti ambayo majani yake hayakupukutika. Asubuhi kulikuwa na mbu pale, wakati kijiji kizima hakikuwa na mbu. Jicho lake lilitazama bila ruhusa yake, na likamwambia kama ambavyo baba yake angemwambia: maji yapo, wala si mbali. Kuna siku alisimama akafika hadi ukingoni mwa bonde. Akafikiria jinsi angeanza. Angevua kanzu. Angeomba jembe. Wangekuja kutazama, na mmoja wao angeuliza, "Bwana Shirazi, kazi hii umejifunza wapi?" Akageuka akarudi dukani.

Hamisa alianguka njiani na mtungi wake. Wenzake walimleta kwa machela ya matawi, na jioni ile mtoto akazaliwa amekufa, mvulana aliyekamilika kila kitu. Wanaume wa kijiji walikuwa wametawanyika kutafuta chakula, hivyo kaburi walilichimba wawili tu, Muradi na Kibwana. Kibwana alichoka upesi kwa njaa. Muradi akachukua jembe akashuka. Mikono yake, iliyokuwa imekaa bure miaka yote ile, ilikumbuka kila kitu. Kuta zilishuka zimenyooka kama zilizokatwa kwa uzi. Alipofika kiunoni udongo ukabadilika rangi. Ukawa wa kijivu, wa baridi, unaoshikana. Alifinya bonge moja, na kiganja chake kikabaki na unyevu.

"Shemeji, mkono wako unalijua jembe," Kibwana alisema kutoka juu.

"Kuzika kila mtu anajua," Muradi akajibu. Akalitupa lile bonge juu pamoja na mengine.

Walimlaza mtoto, wakamfukia, wakasoma. Tangu siku ile, Hamisa hakuomba tena habari za mawaridi. Muradi alidhani ni huzuni ya msiba. Yeye mwenyewe alishukuru kimoyomoyo, maana kila akifumba macho aliuona udongo ule wa kijivu.

Mvua zilirudi. Wakati fulani bwana shauri wa Kijerumani aliyekuwa bomani Handeni aliwaita wageni wote wa wilaya, Wahindi na Waarabu na yeyote asiye mzaliwa, ili awajue. Muradi alikwenda na kilemba kipya. Bwana shauri alikuwa na kitabu kikubwa cha ramani, akakifungua mezani, na kwa kinywa cha mkalimani akauliza mji wake uko wapi na una watu wangapi.

"Shirazi," Muradi alisema. "Watu wake hawahesabiki."

Bwana shauri alipeleka kidole, akaupata mji, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wakati mkalimani anamwita mwingine, Muradi aliinama kidogo akaitazama karatasi ile. Alijua kusoma herufi za Kiarabu tu, lakini macho yake yalishuka chini ya kile kidole, upande wa kusini, mahali palipopasa kuwa na kilima chekundu. Palikuwa peupe. Hapakuwa hata na alama ya kalamu. Alitoka nje akiwa salama kabisa, na njiani akajikuta analia, asijue kinachomliza.

Reli ilipofika Korogwe, biashara ikahamia huko. Muradi na Kibwana wakawa wanakwenda pamoja, Kibwana na mahindi na samli, Muradi kununua kaniki kwa Wahindi waliojenga maduka karibu na stesheni. Siku ya gulio palijaa Washambaa walioshuka na ndizi na viazi vyao, Wazigua, Wanyamwezi wa reli, na watu wa kila rangi. Siku moja walikuwa wamekaa kwenye baraza ya Mhindi mmoja wakinywa kahawa na wazee wa mjini, na Kibwana, ambaye hakuwa mtu wa kujisifu, alikuwa akiwaambia kwamba shemeji yake huyu ni Mshirazi wa kweli, si wa kusikia.

Mtu mmoja akakatiza gulio akaja mpaka mbele yao. Alikuwa amepakaa tope jekundu kuanzia miguu mpaka nywele, na kiunoni amejifunga kitambaa kilichokuwa cheupe zamani. Alimwangalia Muradi kwa muda. Kisha akasema kwa Kiajemi, kwa lafudhi ile ile ambayo watoto wa Shirazi waliiigiza, "Muradi, mtoto wa Kurbani mchimba visima. Mimi ni Haidari. Mtoto wa mjomba wako."

Muradi alimtambua kabla hajamaliza. Lile kovu la nyusi alilipata walipokuwa watoto, alipogongwa na ndoo ya ngozi. Miaka yote ile hakuna mtu aliyemwita kwa jina la baba yake. Kama wangekuwa wawili tu, labda angemwangukia shingoni.

"Anasemaje?" Kibwana aliuliza.

Wazee wote walikuwa wamegeuka. Muradi aliweka kikombe chini.

"Sijui," alisema kwa Kiswahili. "Lugha yake siijui. Nadhani ni Mbulushi, na akili zake si nzima."

Haidari hakujua Kiswahili kingi, lakini maneno hayo yalimtosha. Uso wake haukukunjamana kwa hasira. Ulifungwa tu, kama mtu anavyofunga mlango bila kuubamiza. Akaweka mkono kifuani kwa heshima, akasema kwa Kiswahili cha kuvunjika, "Samahani, bwana. Mimi dhani wewe ndugu." Akarudi katikati ya watu, akiacha alama za tope kwenye vumbi.

Wazee waliendelea na mazungumzo yao. Kibwana akaacha kunywa kahawa yake. Njiani kurudi, walipokaribia nyumbani, Kibwana akasema bila kumtazama shemeji yake, "Yule mtu alikuita Muradi, jina lako hasa."

Muradi aliongeza mwendo.

Alijaribu kuishi kama kwamba jambo lile halikutokea. Alifungua duka, akafundisha watoto, akasali. Lakini alishindwa. Kila alipokunja vidole aliviona vile vya Haidari, kucha zimejaa udongo, na aibu ikamchoma kama mtu aliyeinamia moto. Mwishowe alimwambia Hamisa anakwenda Korogwe kwa kaniki, ingawa zilikuwa zimejaa dukani. Hamisa alizitazama kaniki, akamfungia chakula cha njiani asishinde na njaa.

Korogwe aliambiwa kwamba Mwajemi wa visima amesonga mbele na watu wa reli, huko kwenye mbuga kavu inayoelekea Mombo, ambako gari la moshi lilihitaji maji. Muradi alimfuata kwa miguu kandokando ya tuta. Akakuta shimo limezungukwa na vibarua wanaovuta kamba, na mtu yuko chini. Alisubiri juani. Haidari alipotolewa na kumwona, alienda kunawa kwanza, taratibu, kisha akaja akakaa naye kwenye kivuli cha mabehewa.

"Leo Kiajemi unakijua?" akauliza.

"Nakijua."

"Basi tuseme."

Muradi alianza kujitetea, akashindwa katikati. Aliomba radhi. Haidari hakusema amemsamehe wala hakusema hajamsamehe. Alimwambia habari za nyumbani, kama mtu anayekabidhi mzigo aliobeba kutoka mbali. Baba yake Muradi alikufa kwa kikohozi. Mama yake alikuwa hai kwa muda mrefu. Kila msafara wa watu wanaorudi kutoka baharini ulipotajwa, alitembea mpaka barabara kubwa kuwauliza. Alikufa mwaka wa majira ya baridi kali.

"Na kijiji?" Muradi aliuliza.

"Kijiji gani tena. Wewe ulikuwa wa kwanza kuondoka. Tulipoona umeondoka na hukufa, wengine wakafuata, na mimi mmoja wao. Wakabaki wazee, na wazee hawashuki. Mtaro ukaanguka pale karibu na kisima cha tatu, maji yakakatika. Nilipotoka mimi zilikuwa zimebaki nyumba chache zenye moshi. Sasa sijui kama ipo hata moja." Alifikicha tope lililokauka kiganjani. "Wanaoijua Gazdani katika nchi hii nadhani ni sisi wawili. Juzi pale sokoni nikajiona niko peke yangu."

Muradi alimwomba waende pamoja Kwedizinga, akae kwake. Haidari alikataa. Hakuwa na kinyongo, alisema, lakini ana kazi, na hataki kukaa mahali ambapo amekwisha kukanwa. Waliagana kwa kushikana mikono yote miwili.

Alifika nyumbani mchana. Hamisa alikuwa uani anapeta mtama, na Kibwana amekuja kuazima shoka. Muradi hakuingia ndani kubadili nguo. Alikaa chini kwenye udongo mbele yao, kitu ambacho hawakupata kumwona akifanya, akasema, "Mimi si mtu wa Shirazi."

Akaeleza yote. Kilima chekundu, nyumba za udongo, watu wasiojaza msikiti, baba yake aliyeitwa fuko. Kibwana alisikiliza akiwa amesimama na shoka mkononi. Mwisho akasema kwa upole, "Kumbe uchimbaji visima ndio uliokuwa unauficha. Mbona ni kazi ya halali, shemeji."

Lakini Hamisa alikuwa ameweka ungo chini.

"Ulikuwa unajua kuchimba maji," alisema.

"Ndiyo."

"Mwaka ule pia ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Na yalikuwapo?"

Angeweza kusema hajui. Kibwana alimwangalia kana kwamba anamwombea aseme hivyo. Muradi alitazama mikono yake. "Yalikuwapo," alisema. "Bondeni, chini ya makaburi. Nilijua kabla hujaanguka. Na nilipochimba kaburi, nikajua kwa hakika."

Hamisa hakupiga kelele. Aliinuka, akachukua ungo wake, akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba ambako hakuonekana, na mtama ukasikika ukirushwa tena. Kibwana alitua shoka, akaondoka bila kulichukua.

Kesho yake Muradi alishuka bondeni amejifunga shuka jeupe. Watoto wa juzuu walimfuata, kisha mama zao, kisha wanaume wakiwa na maswali mdomoni. Hakuna aliyemcheka usoni, ila alisikia wakinong'onezana Bwana Shirazi amepatwa na nini, na mmoja akauliza kwa sauti kama ni kweli kwao alikuwa mtumwa wa kuchimba. "Si mtumwa," alijibu, "ila kuchimba ndiko." Neno likazunguka hadi kijiji cha Kang'ata. Baadhi ya wazazi waliacha kuleta watoto wao kusoma, wakisema aliyedanganya ukoo wake huenda anadanganya na aya. Hilo lilimuuma zaidi ya mengine.

Siku ya tatu Kibwana alikuja akashika kamba. Taa ya udongo ilipofifia chini, dalili ya hewa mbaya, Muradi alivuta kamba naye akapandishwa. Hewa ilipotulia akashuka tena. Maji yalianza kuchuruzika kutoka ubavuni, katika udongo ule ule wa kijivu, kwenye kina kisichozidi sana kimo cha dari ya nyumba. Juu watu walipiga vigelegele. Yeye chini aliegemea ukuta wa tope akaufunika uso wake. Mwaka ule wa ukame angeweza kukifikia kina kile kwa jembe tu, kabla Hamisa hajamaliza safari zake za maji za wiki moja.

Kijiji kizima kilianza kuteka pale. Hamisa peke yake hakuteka. Kila alfajiri alichukua mtungi wake akapita kando ya kisima, akashika njia ya Msangazi. Wanawake walimsihi, akawaambia kwa utulivu kwamba ameizoea ile njia. Muradi alimwacha siku chache, kisha naye akatwaa mtungi akamfuata nyuma. Mwanamume kubeba maji kichwani lilikuwa jambo la kuchekwa, na walimcheka, vijana wakaigiza mwendo wake. Hamisa hakumwambia arudi, wala hakumngoja. Walikwenda hivyo, mmoja mbele, mmoja nyuma, masika na kiangazi, wakiongea tu yale yasiyokwepeka: chunga mwiba, shikilia, mvua inakuja.

Aliitwa huku na huko kuchimba. Huko Kang'ata alifika kwenye mwamba asipate kitu, watu wakamsema. Mahali pengine alipata. Haidari alileta salamu mara moja kwa mdomo wa askari wa reli, kwamba amepita Mombo, kisha hazikuja nyingine. Muradi alipoulizwa kwao ni wapi alitaja Gazdani, na aliyeuliza alipotaka kujua Gazdani ni wapi, alieleza mpaka mtu akachoka kusikiliza.

Miaka ikapita, magoti ya Hamisa yakaanza kuvimba. Asubuhi moja alitoka na mtungi, akafika kwenye mti wa kwanza wa njiani akasimama, akarudi akakaa kizingitini. Muradi alishuka bondeni, akateka, akachuja kwa kitambaa, akampelekea maji kwenye kata, akayaweka chini karibu na mkono wake, naye akakaa mbali kidogo.

Hamisa aliyatazama muda mrefu. Kuku walipita, na mwenzake mmoja akapita akasalimu, akaitikiwa. Hatimaye akaiinua kata akanywa, si yote.

"Yana chumvi kidogo," alisema.

"Yana chumvi," Muradi alikubali.

Hamisa akamrudishia kata.